Kifurushi cha Baba Mkwe

Mgongo wa Onésime ulikuwa unachoka kabla yake. Kila asubuhi mgongo ndio uliokuwa wa kwanza kulalamika, mwenyewe akifuata baadaye ndani ya treni ya kwenda Märsta, kichwa kimeegemea kioo na koti limefungwa mpaka kidevuni. Ukitoka Hallunda kwenda Märsta unaivuka Stockholm yote, kusini hadi kaskazini, na mtu aliyeifanya safari hiyo zaidi ya miaka kumi haangalii tena dirishani. Kuna nini cha kuangalia? Theluji ya jana, na juu yake theluji ya leo.

Alikuwa mpanga mizigo kwenye ghala la kampuni moja karibu na uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi alipanga vifurushi vya watu wanaonunua viatu kwenye simu, wakavijaribu mbele ya kioo, wakavirudisha. Mwezi wa Oktoba aliomba ahamishiwe meza ya askari. Hapo ndipo zinapopita barua na vifurushi vya vijana walio jeshini kaskazini kabisa, huko jirani na ncha ya dunia, wanakolala kwenye mahema na jua la Desemba halichomozi hata kwa bahati mbaya. Zamani meza hiyo ilikuwa haina kazi, kwa sababu kila kijana alikuwa na simu yake. Lakini tangu vita visogee Ulaya, simu zao hufungiwa kabatini wiki nyingi, adui asije akajua walipo. Basi dunia imerudi ilikotoka: kalamu, bahasha, na mama anayefunga kifurushi kwa kamba.

Alimwambia msimamizi wake, Gunilla, kwamba anahama kwa ajili ya mgongo, maana vifurushi vya askari ni vyepesi. Uongo mtupu! Mtoto wake wa kwanza alikuwa huko juu, na Onésime alitaka tu siku moja auone mwandiko wake ukipita. Nyumbani hakumwambia mtu habari za meza hiyo. Angesemaje? Ndiye yeye aliyeamuru jeshi lisitajwe tena mezani pake.

Ngoja nieleze lilivyoanza, la sivyo mtamhesabu mtu mbaya, na Onésime si mtu mbaya. Ni mtu wa hasira, basi, na hasira hasara.

Yeye na mkewe Emérithe ni watu wa milima ya juu ya Uvira. Asubuhi moja, zamani hizo, askari walifika kwa baba yake wakati wa kukamua. Askari wa nani, mpaka leo hajui. Kule kila mwenye nguvu ana askari wake. Walisimama nje ya ua wakamwita mzee kwa jina lake lote, "Léonidas Ruzima!", na mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaitika, akatoka. Hakurudi. Onésime alikuwa mnadani siku hiyo. Aliyekuwapo ni Emérithe, bibi harusi ambaye hata miezi haijapita, amejikunyata jikoni nyuma ya vibuyu vya maziwa, anasikia kila kitu.

Walipopata mtoto wa kiume, kambini, ukimbizini, wakampa jina la babu yake lote, la kwanza na la ukoo. Kwa Onésime ilikuwa kama baba yake amerudi. Kwa Emérithe ilikuwa kazi nyingine kabisa, maana kwa desturi ya kwao mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa hai, sembuse akiwa amekufa kifo kile. Basi mtoto akaitwa "Baba" siku zote, na ikibidi kumtofautisha na baba wengine, "Baba Mkwe". Hata mumewe, Emérithe hakuweza kumwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama wanawake wenzake wanavyofanya; ilibidi asubiri azaliwe binti, ndipo akapata la kumwita: Baba Maombi.

Kwenye nchi za watu aliponea kwenye namba. Sweden kila mtu ana namba yake tangu anapoandikishwa, na Emérithe aliishika ya mwanawe kama Baba Yetu. Akifika hospitali, namba. Akifika kwa daktari wa meno, namba. Fomu za shule alijaza mume. Mwalimu mmoja wa Hallunda aliwahi kumuuliza mwenzake kama yule mama ni mzima, mbona halijui jina la mwanawe? Emérithe alipoletewa umbea huo alicheka mpaka akashika mbavu. Hakujieleza. Utamweleza nini mtu anayemwita mama mkwe wake Lisbet, mchana kweupe, tena akiwa amekaa naye meza moja?

Sasa, kiangazi kilichopita kijana alirudi nyumbani na habari kwamba jeshi limemchagua, na uso wake ulikuwa unang'aa. Hilo ndilo lililomuua Onésime, ule uso. Kama angekuwa amelazimishwa, angemhurumia. "Papa, askari wa huku siyo wale," kijana alisema. "Huku wanalinda watu." Onésime akasimama na ugali mkononi. Akasema, "Jina hilo halivalishwi gwanda! Ukilitaka gwanda, livue jina la baba yangu uliache hapa, na mlango ule pale." Ulimi hauna mfupa. Kijana akasema, "Sawa, papa," akachukua begi lake. Emérithe aliondoa sahani.

Miezi ikapita hivyo. Watu watatu wanakula, hakuna anayemtaja wa nne.

Halafu Januari, Maombi, aliye sekondari na anayewajibu wazazi wake Kiswidi hata wakimsalimia kwa Kiswahili, alipata ujumbe. Askari walikuwa wamerudishiwa simu jioni moja tu. "Han kommer inte hem, mamma," alisema, haji nyumbani. Likizo ya Machi kila askari anapewa tiketi ya kwenda kwao, na kaka yake angeiandikisha Luleå, kwa wazazi wa rafiki yake. Akimaliza utumishi atabaki huko huko kaskazini. Kwa nini? Maombi aliangalia simu, akatafuta maneno. Kwa sababu kila lori likifika, wenzake wote wanaitwa wakachukue vifurushi, na yeye hajaitwa hata mara moja. Papa alikwishamkataa, hilo alilijua. Lakini kama na mama pia, basi.

Emérithe alisimama akaingia bafuni, na maji yakasikika yakimwagika muda mrefu. Onésime alibaki mezani. Alidhani mkewe amemtii, hajatuma kitu. Ndivyo alivyotaka, si ndiyo? Mke wa kumtii. Sasa amempata.

Siku tunayoisema ilikuwa ya Februari, wiki ambayo shule za Stockholm zimefungwa watoto wakateleze kwenye theluji. Ilikuwa pia siku ya kusafisha rafu ya wasiojulikana. Kifurushi ambacho jina lake halimo kwenye orodha ya kikosi hukaa kwenye rafu hiyo kinamsubiri mwenyewe. Muda ukiisha hufunguliwa, chakula kikatupwa, nguo zikapelekwa kwa maskini. Khalfan ndiye aliyekuwa akiisafisha. Huyu ni Mtanga, mtani wa watu, mtu wa kucheka hata kwenye foleni ya daktari.

"Mzee Onésime!" aliita kutoka nyuma ya rafu. "Njoo ujionee, jeshi la Sweden limeandikisha baba mkwe!"

Onésime alikwenda akijikokota, bila haraka. Khalfan alikuwa ameviweka chini vifurushi vitatu na anafuta machozi ya kicheko. Vilikuwa vimeviringishwa kitenge na kushonwa kwa mkono, kwa uzi mnene, kama mama wa kule wanavyoshona mzigo wa kupeleka mbali. Juu yake, kwa herufi kubwa za kalamu ya wino mzito: BABA MKWE. Chini, namba ya kikosi, maana namba ya mtu mwenyewe hairuhusiwi kuandikwa nje ya mzigo wa askari. Hakuna mtumaji.

Kitenge kile alikuwa anakijua. Kilikuwa pazia la chumba chao.

La kwanza lililomjia lilikuwa hasira. Mwanamke huyu! Nyuma ya mgongo wangu! Lakini hasira ile haikupata hata mahali pa kukaa. Aliinama, kiuno kikalia, akakigusa kifurushi kimoja, akasikia harufu ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani kwao, na samli, na hapo akaelewa kila kitu kwa mpigo. Mama ametuma. Ametuma tena na tena. Hakuandika mtumaji ili kisije kikarudi nyumbani mumewe akakiona. Hakuandika jina kwa sababu kwake mkono nao ni ulimi. Na mtoto, huko kwenye baridi ile, kila lori likifika anasimama na wenzake anasubiri kuitwa. Onésime alikaa juu ya toroli.

"Vipi?" Khalfan aliuliza. "Unamjua huyu baba mkwe?"

"Ni mtoto wangu. Aliyeshona ni mke wangu."

Kicheko cha Khalfan kilikatika. Alivuta toroli nyingine akakaa naye. "Mficha uchi hazai, mzee wangu. Nieleze."

Akamweleza, kwa kifupi, macho yake yakiwa kwenye kile kitenge. Khalfan alisikiliza, akaguna. "Sasa tunangoja nini? Lori la kaskazini linaondoka mchana huu, na hilo ndilo la mwisho kabla hawajaandikisha tiketi zao za likizo. Andika jina la kijana, mimi natupia guniani. Nani atajua?"

"Gunilla atajua."

Na kweli angejua. Tangu mtu fulani alipotuma kaskazini kifurushi cha kutisha watu, sheria ya meza ile ilikuwa moja: jina halirekebishwi na mfanyakazi. Aliyetuma aje mwenyewe, aonyeshe kitambulisho, ataje anayempelekea, aandike kwa mkono wake. Gunilla si mkali, lakini sheria kwake ni kama ukuta wa nyumba. Hausogezi kwa sababu wewe una shida ya kupita. Alipoelezwa alimwonea Onésime huruma ya dhati. Akasema, "Basi mwambie mkeo aje."

Onésime akampigia.

"Mama Maombi, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Si shule zimefungwa, nitafagia wapi?" Emérithe alikuwa mfagiaji wa shule. "Kuna nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Panda treni, uje kazini kwangu."

"Märsta? Kufanya nini?"

"Vifurushi vyako viko hapa."

Alisikia redio ya jikoni, na pumzi ya mkewe.

"Vifurushi vipi?" aliuliza mwishoni.

"Vyote."

Redio ikazimwa. "Nakuja," alisema.

Alifika lori limekwishafungua milango ya nyuma. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya theluji vya Maombi vinavyombana. Hawakusalimiana. Alipita mbele ya mumewe moja kwa moja hadi kwenye vifurushi, akavipapasa kimoja kimoja.

"Kumbe havikwenda."

"Havikwenda."

"Na weye ulikuwa hapa. Unapanga mizigo ya askari."

"Tangu Oktoba."

Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo siku nyingine lingeleta maneno mpaka Jumapili. Lakini alikuwa amesafiri mji mzima amesimama, na miezi yote hii alikuwa anashona usiku, kwa siri, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hata ugomvi unataka nguvu. "Tutagombana nyumbani," alisema, akaenda kaunta.

Gunilla alichukua kitambulisho chake, akakisoma kwa sauti, "Emérithe Nabahire", akakiweka juu ya kaunta kwa tabasamu. "Unampelekea nani?"

"Mtoto wangu," alisema Emérithe kwa Kiswidi chake cha polepole.

"Jina lake?"

Emérithe akaanza namba. Mwaka, mwezi, siku, mpaka tarakimu ya mwisho, bila kupumua.

"Namba nitaihitaji baadaye," Gunilla alisema. "Kwanza jina. Lazima mtumaji alitaje jina."

"Ni mtoto wangu wa kwanza. Ana kovu kwenye goti, alianguka na baiskeli pale Hallunda, karibu na maktaba. Hali samaki akiwa na kichwa. Namba nimekupa."

"Naelewa. Lakini anaitwaje?"

Nje, dereva alipiga honi. Emérithe alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Gunilla alimtazama Onésime kama mtu anayeomba msaada. Hakujua amegusa nini, na angejuaje?

"Baba Maombi," Emérithe alisema kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Mimi siwezi. Ningeweza kuvunja mwiko, Mungu angenisamehe. Lakini nikilisema, nawasikia wale watu kwenye ua. Ile njo mara ya mwisho nililisikia likiitwa vile. Sema weye. Ni baba yako."

Onésime alivua glovu zake. Tangu kiangazi jina hilo hakulitia kinywani. Alidhani analilinda. Alisogea mpaka akasimama ubavuni mwa mkewe, na sauti ikatoka ya mtu aliyekuwa na mafua.

"Léonidas Ruzima."

Gunilla aliandika. Akangoja. Akaandika tena. "Hayupo."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Kwenye kikosi hiki hakuna mtu wa jina hilo. Wala kwenye vikosi vingine vya kaskazini."

Mswidi akiambiwa jina halimo kwenye orodha, anafikiri mtu kakosea kuandika. Mtu wa milima ya Uvira anafikiri jambo moja tu. Onésime alimsikia mkewe akinong'ona, "Ameisha? Baba Maombi, ameisha?" Khalfan, aliyejifanya anapanga magunia pale karibu, aliacha kupanga.

"Hiyo namba," Gunilla alisema haraka, maana alikuwa ameziona nyuso zao. "Nipe tena ile namba."

Emérithe akaitaja. Sauti yake ilitetemeka lakini namba haikutetemeka. Gunilla akabonyeza, akasoma. Aliwatazama wote wawili, akatazama tena kitambulisho cha Emérithe kilichokuwa bado juu ya kaunta.

"Yupo," alisema. "Ni mzima, yuko kikosini kwake. Namba ni hiyo hiyo." Alisoma tena. "Alibadili jina mwezi wa Agosti, kabla ya kuripoti." Pengine hakutakiwa kufanya hivyo, lakini aliwageuzia kioo cha kompyuta.

Clovis Nabahire.

Clovis ni jina alilopewa na padri kambini siku ya ubatizo. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nabahire ni ukoo wa mama yake.

Onésime alisoma mara moja, akasoma mara ya pili. Basi kijana hakuwa amekaidi. Hilo ndilo lililomkata maini. Miezi yote amemhesabu mtoto mkaidi, na mtoto alikuwa ametii. Aliambiwa avue jina, akalivua, akalikunja kwa adabu, akaondoka. Askari wa kule milimani walimchukua mzee, lakini jina walishindwa kulichukua. Aliyeliondoa duniani ni yeye, Onésime, mtoto wa mzee mwenyewe, na ugali mkononi. Alitaka kulia na hakuwa na nguvu hata za hilo.

"Clovis," Emérithe alisema.

Onésime aligeuka. Mkewe alikuwa ameinamia kile kioo, kidole chake kinafuata herufi.

"Clovis," alisema tena, kwa sauti kidogo. Kisha kwa sauti kabisa, mpaka watu wa mkanda wa mizigo wakageuza shingo: "Clovis! Clovis wangu!" Akacheka, machozi yanamtoka, akajifuta kwa mkono wa koti la kanisani. Miaka kumi na tisa amezaa, amenyonyesha, ameuguza, na hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina. "Nipe kalamu," alimwambia Gunilla. "Nipe ile nene."

Aliandika vifurushi vyote vitatu, kwa herufi kubwa kuliko zilizotakiwa. Mkono wake haukuwa na haraka. Dereva akapiga honi tena. Khalfan akaenda nje kumtukana kwa Kiswahili, akitabasamu ili asieleweke.

"Na mtumaji," Gunilla alisema. "Safari hii lazima mtumaji aandikwe."

Emérithe alianza kuandika jina lake, akaacha. Akamsukumia mumewe kalamu.

"Mimi?" Onésime alisema. "Akiona jina langu atavirudisha."

"Labda."

"Atajua nimeliona jina lake jipya."

"Atajua."

"Mama Maombi, hivi vifurushi ni vyako. Usiviponze. Andika lako, vifike, tiketi aandikishe huku. Mimi nitaongea naye akija."

"Lile neno ulisema weye," Emérithe alisema, bila ukali, kwa uchovu tu. "Akija kwa jina langu, atakuja kwa mama. Atalala, atakula, ataondoka. Mimi nataka mtoto arudi kwao. Akikataa, atakataa. Andika."

Onésime alishika kalamu. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa baridi ya ghala. Aliandika *Onésime Ruzima* kwenye vyote vitatu, akaangalia, akaona haitoshi. Kwenye cha mwisho palikuwa na nafasi chini ya jina, ndogo. Alifikiri maneno mengi. Yote yalikuwa marefu, na mengine yalikuwa ya kujitetea. Mwishowe akaandika: *Papa anakuomba uje. Na gwanda lako.*

Gunilla aligonga mhuri. Hakuuliza kimeandikwa nini, akavipitisha vifurushi kwenye mashine, na mashine ikavikubali kwa mlio ule ule inaoutoa kwa viatu. Khalfan alivibeba mwenyewe, vyote vitatu kifuani, akavitia guniani. Milango ya lori ikafungwa.

Walibaki wamesimama mlangoni mwa ghala, hewa ya baridi ikiwapiga usoni. Zamu ya Onésime ilikuwa bado haijaisha, lakini Gunilla alimwashiria kwa mkono aende. Likizo ilikuwa wiki mbili mbele. Mpaka hapo hapatakuwa na simu, hapatakuwa na jibu. Ama mtu atashuka Hallunda na begi lake, ama hatashuka. Onésime aliangalia taa za lori zikipotea kwenye theluji, akaendelea kuangalia hata baada ya kupotea.

Mkewe alikuwa ameshatangulia, anachechemea kwenye viatu vya bintiye.

"Baba Clovis," aliita.

Onésime alitazama nyuma kuona ni nani anaitwa. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Baba Clovis, si nakuita? Twende, miguu inaniuma."

"Nakuja," alisema, akaongeza mwendo. "Nakuja, Mama Clovis."